Namba ya simu isiwe ufunguo wa waifai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie desturi ya baadhi ya mafundi wanaotufungia intaneti majumbani hapa Dodoma, ambao huweka namba ya simu ya mwenye nyumba kuwa neno la siri la waifai.

Nilipofungiwa ya kwangu huku Nkuhungu, fundi alipitisha waya dirishani, akawasha ruta, kisha akaniuliza namba yangu ya simu. Nilidhani anaihitaji kwa ajili ya fomu, kumbe ndiyo aliyokuwa akiiingiza kama ufunguo, na kabla hajaondoka akaiandika ukutani kwa kalamu ya wino mzito, juu kidogo ya soketi, ili nisisahau. Baada ya miezi miwili intaneti ikawa inasuasua kila jioni. Sababu niliijua siku nilipotoka nje usiku nikawakuta vijana watano chini ya mwarobaini ulio mbele ya geti, kila mmoja na simu yake, nao wakaniamkia kwa heshima zote. Namba yangu hawakuhitaji kuiiba, kwani imeandikwa kwenye kibao cha duka langu.

Laiti hasara ingekuwa ya kasi peke yake, nisingekuandikia. Katika WPA2, mfumo wa usimbaji (yaani wa kuficha mawasiliano ya waifai) unaotumika katika ruta nyingi za majumbani, simu na ruta hutambuana kwa kubadilishana ujumbe kila zinapounganishwa. Mtu aliye jirani anaweza kuunasa ujumbe huo hewani, akaenda nao kwake na kubahatisha ufunguo kwa kompyuta, bila ruta yako kujua lolote. Namba zetu zina tarakimu 10, lakini 3 za mwanzo zinajulikana na kila mtu, hivyo zinazobaki ni 7, yaani namba milioni 10 tu kwa kila kianzio. Kompyuta yenye kadi nzuri ya kuchakata picha hujaribu funguo laki kadhaa kwa sekunde moja. Birika la chai halijachemka, namba imeshapatikana.

Mfumo wenyewe unaruhusu ufunguo wa herufi 8 hadi 63, na nafasi hiyo tunaiacha bure. Maneno matano yasiyohusiana, mathalani kibuyu, ngazi, posta, mvinyo na kiatu, ni rahisi kukumbuka na ni magumu mno kubahatisha, hasa ukichomeka na neno la Kigogo. Msomaji asichukue haya niliyoyataja, maana sasa yako gazetini, wala asitumie methali, kwa kuwa anayejua Kiswahili ataanza na hizo. Jina la mtandao nalo libadilishwe, kwa sababu huchanganywa na neno la siri katika kutengeneza msimbo wenyewe, na jina linalotumiwa na wengi humruhusu mwizi kuandaa hesabu zake mapema. Aliyenunua ruta ya mtumba ahakikishe haitumii WEP, mfumo wa mwaka 1997 ambao udhaifu wake ulianikwa tangu 2001. Ikiwa haina mwingine, heri aiweke kando.

Ombi langu kwa kampuni zinazotuunganisha ni moja. Fundi amfungulie mwenye nyumba ukurasa wa mipangilio, ampishe aandike ufunguo wake mwenyewe, na pia wabadilishe neno la kuingilia katika ukurasa huo, ambalo mara nyingi huachwa vilevile lilivyotoka kiwandani. Hilo lifanyike kabla mteja hajatia saini kwamba kazi imekamilika. Najua mafundi wana haraka na nyumba za kwenda ni nyingi, lakini hata fundi wa vitasa hamwachii mteja funguo zikining'inia mlangoni.

Ya kwangu niliibadilisha Jumamosi iliyopita. Ilinichukua dakika ishirini, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nikimsomea mama mkwe herufi moja moja ili simu yake iunganike tena.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma