Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Pamoja na Ufafanuzi Kuhusu Safari ya Laxton

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji nawasilisha taarifa ya mwaka. Mengi mnayajua. Futari ilifanyika, sherehe ya Krismasi ilifanyika, darasa la Kiswahili la watoto la Jumamosi linaendelea, na kwenye misiba miwili tulichangishana kama ilivyo desturi yetu. Akina mama wa kamati ya chakula tunawashukuru sana. Tusonge mbele.

Fedha: tulianza mwaka na £1,310. Ziliingia ada £552 na michango ya safari £405; zikatoka ukumbi £480, basi £620 na mengineyo £95; salio £1,072. Fedha za misiba zilikabidhiwa zote kwa wafiwa na hazimo katika hesabu hii.

Sasa naomba utulivu, maana nimesikia maneno mengi kuhusu safari ya Septemba ya kwenda Laxton, machache mbele yangu na mengi nyuma yangu.

Inaulizwa kwanza: kwa nini hatukwenda Skegness, mji wa pwani, kama miaka yote? Ndugu zangu, Skegness tumekwenda mpaka watoto wenyewe wameichoka. Mtu aliyekulia Tanga au Lamu anatafuta nini katika maji yale ya baridi? Tunaishi Nottingham, na mwendo wa kama saa moja tu kaskazini kipo kijiji ambacho Waingereza wenyewe huja kukisoma, nasi tulikuwa hatukijui. Mimi binafsi nilikwenda kukikagua mapema, kwa nauli yangu, na sijadai hata senti.

Laxton ni kijiji kinachojulikana kwa kuendeleza kilimo cha makonde ya wazi cha enzi za kati. Zamani vijiji vingi vya huku vililima hivyo: makonde makubwa yasiyo na uzio, kila mkulima ana vipande vyake virefu vyembamba, kimoja huku na kingine kule, ili ardhi nzuri na mbaya wagawane. Baadaye Bunge likapitisha sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia ardhi uzio, na utaratibu huo ukafutika karibu kote. Laxton ukabaki, na husemwa ni kwa sababu wamiliki wawili wakubwa hawakumaliza kuafikiana. Makonde yapo matatu mpaka leo, West Field, South Field na Mill Field, na yanazungushwa kwa zamu: moja ngano, jingine zao la pili, la tatu linapumzishwa. Mwaka 1952 serikali iliinunua ardhi hiyo kutoka kwa mwenye ardhi Earl Manvers ili utaratibu usife, na tangu 2020 imerudi kwa Thoresby Estate, yaani mali ya ukoo ule ule ilikotoka. Ramani ya kijiji iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635 ipo Oxford, imeonyesha hata watu wanaolima.

Mzee mmoja wetu alisema palepale kwamba huu ni ujamaa kabla ya Mwalimu. Kwa heshima, hapana. Kila mtu huko anavuna chake. Kinachowaunganisha ni kanuni, na wasimamizi wa kanuni ni wakulima wenyewe. Mwishoni mwa Novemba wazee wa baraza hukagua konde lililopandwa ngano, hupigilia vigingi penye mipaka, na aliyelima akaingia njia ya wote huandikiwa faini. Wiki inayofuata kesi husikilizwa katika baraza lao la kale liitwalo Court Leet. Anayepaswa kuhudhuria asipofika, naye hupigwa faini. Naomba sentensi hiyo ya mwisho iingie kwenye kumbukumbu za mkutano huu.

Hoja ya pili ni kwamba niliwapeleka watu na familia zao baa. Court Leet yenyewe hukaa katika baa ya Dovecote. Ndiko baraza liliko, sikulipeleka mimi. Sisi tuliagiza chai na soda, na waliotaka kuswali walipata nafasi yao mapema.

Hoja ya tatu ni matope na kukatiza mashamba ya watu. Njia za miguu za huku zina haki ya kisheria. Ukiona mshale wa njano kwenye nguzo, unapita katikati ya shamba la mtu na hakuna wa kukukamata, ilimradi usiache njia na ufunge geti. Nililieleza hili ndani ya basi, ila waliokaa nyuma walikuwa wanaimba. Kuhusu viatu, tangazo lilitoka mara mbili. Aliyekuja na ndala alisoma tangazo gani?

Kutoka hapo tulitembea hadi kitongoji cha Moorhouse: nyumba chache, na kanisa dogo lililojengwa 1861 kwa gharama za John Evelyn Denison wa Ossington, aliyekuwa Spika wa Bunge. Spika mzima, na kitongoji kile! Egmanton tulipita haraka kwa sababu ya mvua, nasikitika, maana kanisa lake lilikuwa mahali pa hija enzi za kati na ndani limepambwa kuliko mnavyodhani. Watoto walichopenda zaidi ni kilima cha ngome ya Wanormani nyuma ya kanisa la Laxton. Hakuna aliyelalamika akiwa kule juu.

Basi lilikuwa la viti 49. Tulipanda 27. Mfuko wa chama uliongezea £215, na hizo ndizo zinazoitwa "ufujaji". Viti vyote vingejaa, £15 kwa kichwa, tungerudi na ziada. Nimepitia orodha: wengi wa walioandika malalamiko hawakuwemo ndani ya basi.

Tuna wanachama 61 na waliolipa ada ni 23. Ada ni £24 kwa mwaka, yaani £2 kwa mwezi. Mikutano minne ilivunjika kwa akidi kutotimia, nami nilikuwa wa kwanza kufika ukumbini kila mara. Akifariki mtu simu zetu haziachi kuita, na hilo ni jambo jema, lakini ukumbi haulipwi kwa rambirambi.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kufufua timu ya vijana, kutafuta wafadhili, na kuangalia uwezekano wa kurudi Laxton Novemba kulishuhudia lile zoezi la mipaka. Skegness haijafutwa, itazingatiwa.

Vitabu vya hesabu na risiti za basi anazo mweka hazina. Mwanachama anayetaka kuzikagua afike na risiti yake ya ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti