Barua ya wazi kwa Waziri wa Masuala ya Wanajeshi wa Zamani wa Marekani

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KESI ZA PAMOJA NA UCHELEWESHAJI WA RUFAA ZA MAFAO YA ULEMAVU

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa sisi tuliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki na Kongo nasi tuna vijana waliovaa sare za jeshi la nchi hii, wengine kabla hata ya kupata uraia, na anayerudi na ulemavu hudai mafao yake katika wizara unayoiongoza. Watu wengi wanauliza kama mahakama inaweza kumaliza ucheleweshaji wa rufaa hizo. Naamini inaweza, ila si kwa kila aina ya kesi, na mengi yanategemea wewe, kwa sababu katika kesi hizo mdaiwa ni wewe.

Hadi sheria ya 1988 ilipopitishwa, mwanajeshi wa zamani aliyenyimwa mafao hakuwa na mahakama ya kumsikiliza. Sheria hiyo iliunda mahakama maalumu ya rufaa za wanajeshi wa zamani, lakini kwa miaka mingi mahakama hiyo ilisikiliza malalamiko ya mtu mmoja mmoja tu. Waliojaribu kuushitaki mfumo mzima kwingine walishindwa: mwaka 2011 jopo la majaji watatu wa mahakama ya rufaa huko California liliwapa haki wanajeshi wa zamani, na mwaka uliofuata jopo kubwa la mahakama hiyohiyo likatengua uamuzi huo, likisema halina mamlaka juu ya jambo hilo.

Kesi ya mtu mmoja ina kasoro ambayo majaji wenyewe waliieleza mwaka 2017 katika shauri la Ebanks, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa akisubiri kusikilizwa na Bodi ya Rufaa, chombo cha wizara yako kinachoamua rufaa: ukimsogeza yeye mbele, amewaruka tu wenzake katika foleni, na foleni inabaki na urefu uleule. Mwenye wakili anapita, na mjane asiyejua pa kuanzia anazidi kusubiri.

Mwaka huohuo, katika shauri la Monk, mkongwe wa vita vya Vietnam, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliamua kwamba mahakama maalumu inaweza kupokea kesi za pamoja, yaani kesi moja inayofunguliwa kwa niaba ya watu wengi wenye tatizo lilelile. Yaliyofuata ndiyo ninayokuomba uyatazame kwa makini. Mwaka 2018 mahakama hiyo maalumu ilikataa kuwaunganisha Monk na wenzake, kwa maelezo kwamba sababu za kuchelewa kwao zilitofautiana mno. Mwaka 2019, katika shauri la Godsey, ilikubali, kwa kuwa safari hii walalamikaji walionyesha mahali pamoja palipoziba: majalada yao yalikuwa yamekaa zaidi ya miezi 18 yakingoja tu kuhakikiwa ili yapelekwe kwenye Bodi. Hakuna aliyekuwa akipima ushahidi wala kubishana juu ya sheria. Karatasi zilikuwa zimelala. Mahakama iliipa wizara siku 120 kuifanya kazi hiyo.

Kwa hiyo kesi huleta nafuu pale inapoweza kuonyesha hatua moja iliyokwama. Najua amri ya jaji haiajiri daktari wala mwanasheria, na kwamba uamuzi wa pupa hurudishwa ukaanze upya. Hata hivyo, amri yenye tarehe humlazimu kiongozi kwenda Bungeni kuomba fedha akiwa na sababu mkononi.

Tangu Februari 19, 2019 mfumo mpya umetoa njia tatu za kupinga uamuzi: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu aupitie upya, au kwenda kwenye Bodi. Mbili za kwanza zina lengo la wastani wa siku 125, na anayekwenda kwenye Bodi bila ushahidi mpya wala kusikilizwa amewekewa lengo la siku 365. Anayetaka kuzungumza na jaji ana kwa ana husubiri muda mrefu zaidi, na huyo mara nyingi ndiye mwenye kumbukumbu pungufu, ambaye maelezo ya mdomo ndiyo ushahidi wake mkubwa. Hili linaniuma kuliko mengine yote.

Ninakuomba mambo mawili. Chapisha kila mwezi muda wa kusubiri katika kila hatua, hasa katika orodha ya wanaotaka kusikilizwa, maana bila takwimu hizo mlalamikaji hawezi kuonyesha tatizo analoshiriki na wenzake. Pili, waelekeze mawakili wako waache kudai kwamba kesi ya pamoja imekosa maana pale mlalamikaji anayeiongoza anapopewa haki yake katikati ya shauri, kama walivyodai kwa Monk. Mahakama iliikataa hoja hiyo kwake, na wanaomfuata nyuma hawajalipwa kwa sababu yeye amelipwa.

Maelekezo hayo hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji saini yako.

Wako mtiifu,
Mzazi na mkazi wa Marekani