Mwani ni chakula cha bakteria rafiki, usiuzwe kama dawa ya kila ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie unga wa mwani ambao siku hizi unauzwa hapa Arusha, madukani na kwa wachuuzi wanaopita maofisini, kwa maelezo kwamba unatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na hata ugumba. Siupingi mwani, nyumbani kwetu tunaula na tunaupenda. Ninachopinga ni kuupamba kwa sifa usizokuwa nazo, ilhali sifa yake ya kweli haitajwi.

Sifa hiyo iko katika utumbo mpana, wanamoishi bakteria wengi mno, wakiwamo wenye manufaa kwetu. Mwani una nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuzivunja, kama vile alginati na laminarini katika mwani wa kahawia, au agari na karajini katika mwani mwekundu. Nyuzinyuzi hizo hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, na zikifika chini baadhi yake huchachushwa na bakteria, ambao hutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Mojawapo ni butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia kama chanzo chao kikuu cha nishati. Chakula kinachowalisha bakteria rafiki kwa namna hii wataalamu wamekiita pribayotiki tangu mwaka 1995, nacho ni tofauti na mtindi, ambao huleta bakteria wenyewe wakiwa hai.

Hata hivyo, matumbo hayafanani. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba bakteria wa matumboni mwa Wajapani walikuwa na jeni za kuvunja nyuzinyuzi za nori, mwani mwekundu unaoliwa sana Japani, jeni zilizotoka kwa bakteria wa baharini, na jeni hizo hazikuonekana kwa watu wa Amerika Kaskazini waliolinganishwa nao. Sisi wa huku mlimani, ambao wazee wetu hawakula mwani, tusiahidiwe matokeo ya Wajapani. Isitoshe, ushahidi mwingi hadi sasa umetokana na maabara na wanyama, na majaribio kwa binadamu bado ni machache. Maharage, vitunguu na ndizi mbichi za kupika, ambazo tunazo tele, zinawalisha bakteria hao hao kwa bei nafuu zaidi.

Linalonitia hofu zaidi ni hoja ya baadhi ya wauzaji kwamba, kwa kuwa heroe wa Momella na Natron wanaishi kwa spirulina ya maziwani, yaani vijidudu vya kijani-buluu vinavyouzwa kama mwani, basi hata sisi tunaweza kuichota, kuianika na kuila. Spirulina inayofaa kuliwa hukuzwa katika maji yanayodhibitiwa. Katika ziwa la wazi huota pamoja na jamii nyingine zenye sumu ya ini na ya neva, na watafiti wamezihusisha sumu hizo na vifo vya heroe wengi katika Ziwa Manyara na Momella Kubwa. Maji ya Momella yana pia floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, jambo ambalo wakazi wa kuzunguka Mlima Meru hawahitaji kuelezwa.

Anayetaka mwani kwa ajili ya mlo atafute ule wa Zanzibar, ambao akina mama wamekuwa wakiulima kibiashara tangu mwaka 1989 na ambao sehemu kubwa husafirishwa nje ukiwa mkavu. Ukiununua utaukuta mgumu, umeganda chembe za chumvi. Uoshe mara kadhaa, uloweke hadi uvimbe na kulainika, kisha uuchemshe taratibu hadi maji yawe mazito kama uji mwepesi, ndipo uweke maji ya ndimu au tangawizi. Anza na kidogo, kwani nyuzinyuzi nyingi kwa mkupuo huleta gesi na kuharisha.

Kwa wauzaji, naomba pakiti ioneshe aina ya mwani, mahali ulikovunwa na kiasi cha madini joto, pamoja na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na chumvi yetu tayari imeongezewa. Gramu moja tu ya kombu kavu, mwani wa kahawia unaoliwa Japani, inaweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 1,000. Mwenye rovu, mjamzito au anayetumia dawa za tezi ya shingo amuone daktari kabla ya kuonja kijiko cha kwanza cha unga huo.

Msomaji wako,
Njiro, Arusha