Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2023

Wanachama wenzangu, asalaam aleikum na habari za masiku. Nimeiandika taarifa hii mwenyewe, usiku baada ya kazi, kwa hivyo mtanivumilia, na tafadhali someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kuniuliza kwa grupu mambo ambayo majibu yake yako hapa hapa.

Ya kawaida nayapitia mbio manake mwayajua. Maabara yetu, ile tunayowakodishia watafiti meza za kufanyia kazi, ilikuwa wazi mwaka mzima, watafiti walikuja, wengi wa mikoko ya Tudor na Mtwapa, na kila mmoja tulidai kibali chake cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, kabla hajapewa ufunguo, hata wale wanaokuja na barua za wakubwa. Pampu ya maji ya bahari ililiwa na chumvi tena, imetengenezwa. Mashuleni tulienda, tukafundisha bamvua na maji mafu, yaani maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana na yanapojaa na kupwa kidogo, darubini ikatolewa mawingu yaliporuhusu. Somo lililopendwa zaidi ni la Uhuru, ile setilaiti iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco pale baharini Ngomeni, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na watoto wa Pwani hawana habari kama ilipaa kutoka kwao. Hilo somo ni wazo langu, nalisema tu kwa sababu hakuna aliyelisema.

Sasa tuje kwa friza, najua ndo mwangojea.

Ni kweli pesa za safari ya wanafunzi ya Gazi, laki mbili na ushee, zilinunua inveta na betri za kuishikilia friza ya maabara stima ikipotea. Ni kweli pia watoto hawakwenda kuona mikoko wala ule mradi wa Mikoko Pamoja unaouza kaboni tangu 2013, na mimi roho iliniuma kama nyinyi. Lakini kuandikwa kwa grupu ati "mwenyekiti amekula safari ya watoto", jamani, risiti ziko kwa mweka hazina, zimekaa hapo tangu Septemba na hakuna hata mmoja aliyekuja kuzitazama.

Kumbukeni Agosti 25, Ijumaa usiku, karibu nchi nzima giza. Friza ile hukaa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, si ya samaki ile, ndani mna tishu za matumbawe na udongo wa mikoko wa watu walioukusanya miaka, na vitu kama RNA, ile kemikali ya chembe hai inayobeba maagizo ya jeni, vikiyeyuka tu vimeng'enya vinavitafuna, hata ukigandisha tena ushapoteza. Nilifika nikamkuta kijana wetu wa maabara amesimama na tochi ya simu anasoma namba, 74, 71, 66, na karatasi ya USIFUNGUE ameibandika kwa plasta ya kidonda manake selotepu ilikuwa imeisha. Na bado mwanachama mmoja, mtu mzima namheshimu, alitaka kufungua mlango aone kama bado mna baridi! Friza ikiwa imefungwa yahimili masaa kadhaa, ukiifungua umeiua. Usiku ule tuliponea chupuchupu, na mtafiti akipoteza sampuli harudi na meza hailipiwi, na hizo pesa za meza ndo zinazopeleka watoto safari, sijui ni wapi hapo hesabu inapowashinda.

Halafu stima ikapotea nchi nzima tena Novemba, ikapotea tena Desemba 10. Mara zote mbili inveta ilikuwapo na friza haikutikisika. Waliopiga kelele Septemba sikuwasikia Desemba.

Na wanaosema hawakuulizwa, waliulizwa. Kikao kiliitwa, tangazo lilikaa kwa grupu wiki mbili, alama za buluu nikaziona, na tukaja watu saba tukiwemo mimi na katibu. Mahamri na mbaazi nilizoagiza kwa pesa yangu zililiwa na majirani. Katiba yetu yaruhusu kamati kuamua mambo ya dharura, someni.

Ada ndo sitaki hata kuanza. Elfu tatu kwa mwaka, na zaidi ya nusu yenu hamjalipa, wengine tangu 2021, na baadhi ya hao ndo wasemaji wakubwa wa safari ya Gazi. Nimewafuata kwa simu, nimewafuata mpaka msikitini, mtu akiniona avuka barabara.

Mwaka ujao, inshallah, twataka safari ya Gazi irudi, na tukijaaliwa sola juu ya paa, na kuna mfadhili tunaongea naye japo bado hajasema kitu. Mkutano mkuu ni Jumamosi saa nne asubuhi, si saa nne na nusu. Namba ya kulipia ada ni ile ile, imebandikwa juu kabisa kwenye grupu, na mara hii asiyelipa hapigi kura.