Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu Wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: vikao vya Kamati Tendaji vilifanyika, vitambulisho vilitolewa, na ripoti ya Mhazini mnayo mikononi. Nafasi iliyobaki nitaitumia kueleza barua ambayo Kamati iliiandikia Wizara kuhusu masharti ya biashara ya vyura hai, kwa kuwa imezua maneno mengi, mengine yakisemwa nje ya vikao.

Tangu Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, wengi wetu tulipoteza riziki, nami nikiwa mmoja wao. Barua yetu inasema kwamba hata biashara hiyo ikifunguliwa, chura yeyote asitoke wala kuingia nchini bila kukaa karantini na kupimwa ngozi maabara, na maji ya makasha yatiwe dawa kabla ya kumwagwa. Wapo wanaodai nimewafungia wenzangu mlango. Sikubaliani nao hata kidogo.

Hofu yetu ni ugonjwa wa vyura uletwao na kuvu ya kitridi. Kuvu hii hushambulia ngozi, ambayo chura huitegemea kunywa maji na kusawazisha chumvi mwilini; chumvi hizo zikivurugika, moyo wake husimama. Vijimbegu vya kuvu hiyo huogelea majini, hivyo maji yaliyomwagwa ovyo yanaweza kuufikisha ugonjwa mtoni, na wapo vyura wanaoibeba kuvu hii bila kuonyesha dalili yoyote. Chura aliye kwenye kasha hutibika, lakini hakuna awezaye kuutibu msitu mzima.

Anayesema hayo ni mambo ya ng'ambo na akumbuke korongo la mto Kihansi, hapa Tanzania. Chura wa pale, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, alikuwa tayari amepungukiwa na manyunyu ya maporomoko baada ya bwawa la umeme kuanza kazi mwaka 2000. Mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na kuvu hiyo ikakutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na tunaye leo kwa sababu wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakazaliana katika bustani za wanyama. Marekani hiyo hiyo, Januari 2016, ilizuia uingizaji wa spishi 201 za salamanda, jamaa wa vyura wenye mkia, kwa hofu ya kuvu nyingine iliyokuwa imewaua salamanda huko Uholanzi na Ubelgiji. Tusipojiwekea masharti wenyewe, mnunuzi atalifunga soko lake, nasi hatutakuwa na hoja ya kumjibu.

Inalalamikiwa pia kwamba Kamati iliamua bila idhini ya Mkutano Mkuu. Mkutano uliitishwa mara mbili na akidi haikutimia: kati ya wanachama 58, walihudhuria 14, kisha 11, na wengi wa wanaolalamika leo hawakuwamo. Rasimu ya barua niliiandika mwenyewe, bila posho, baada ya kuomba maoni ambayo hayakuletwa. Ada nayo ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 19 tu, na kwa mwaka huu pekee Chama kinawadai wanachama shilingi 1,170,000. Inaniuma kuona anayedai haki ya kupinga uamuzi hajatimiza wajibu wa kwanza wa uanachama.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, fedha zikipatikana, kuwaomba wataalamu wa chuo kikuu watufundishe kuchukua sampuli za ngozi na kusafisha makasha na viatu vya kazi, na pengine kupata mahali pa karantini ya pamoja. Majibu ya Wizara yakifika, yatawasilishwa kwenu.

Mwenyekiti