Risala ya Wanachama wa Chama cha Akiba kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kugawana Akiba

Mgeni wetu wa heshima, Chifu, Mwenyekiti wa chama, wazee wa Nyumba Kumi, viongozi wa dini, wanachama na majirani mliojitokeza: hamjambo.

Mheshimiwa, ahsante kwa kufika. Tunaijua barabara ya kutoka mjini Nakuru hadi huku Kaptembwa wakati wa mvua, na tunajua mialiko yako ni mingi. Umefika, tena asubuhi, wakati wageni waliokutangulia walitufundisha kusubiri hadi chakula kipoe. Hilo limetupa moyo wa kukueleza yaliyo kifuani bila kuyapunguza.

Historia yetu ni fupi. Tulianza mwaka 2016 tukiwa akina mama wauza mboga tunaochangiana shilingi 100 kwa wiki. Wakajiunga wauza mitumba, mafundi viatu na vijana wa bodaboda, na leo wanachama wanatoka hadi Rhonda na Barut. Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tuna mahema mawili, viti vya plastiki vinavyokodiwa na mtaa mzima, sufuria zilizolisha harusi na matanga yasiyohesabika, na cheti cha usajili kilichotiwa fremu. Wapo watakaoviona vidogo; sisi tunaviita mapinduzi ya uchumi. Historia inaishia hapo.

Mheshimiwa, leo kila mwanachama ataondoka hapa na pesa kwenye simu, na wakora wanaijua siku hii kuliko tunavyoijua sisi. Mwaka jana, baada ya kugawana, mwenzetu muuza viazi alipata ujumbe kwamba ametumiwa shilingi 4,500. Namba ya muamala ilikuwepo, saa ilikuwepo, jina la mtumaji na salio jipya pia. Kasoro ilikuwa moja: ujumbe ulitoka kwa namba ya simu ya kawaida, haukutoka kwa MPESA. Kioo cha simu yake kina ufa, na ufa wenyewe unapita pale pale juu ambapo jina hukaa. Kabla hajamaliza kumfungia mteja debe la viazi, simu ikalia. "Mama, samahani, nimekosea namba. Hiyo ni pesa ya dawa ya mtoto." Akairudisha. Yaani alirudisha pesa ambayo hakuwahi kuipokea.

Kijana wetu wa bodaboda alipigiwa na mtu mwenye adabu nyingi aliyejiita wa huduma kwa wateja, akamsomea jina lake kamili na namba ya kitambulisho. Tunajiuliza huwa wanazitoa wapi, ingawa daftari la wageni kwenye lango la kila jengo linalala wazi siku nzima na kila anayepita ana simu ya kupiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo, lakini daftari nalo lipo. Kijana akafuata maelekezo ya "kuboresha laini". Muda si muda laini ikazima, kumbe imehamishiwa kadi nyingine. Akiba ikaenda, na mkopo ukachukuliwa kwa jina lake. Anaulipa hadi leo.

Ya barua bandia za jeshi unayajua. Kila msimu wa kuandikisha makurutu kuna mzazi anayeuza ng'ombe kununua barua, na mwana anafika lango la chuo cha makurutu Eldoret na kupokelewa na pingu. Unajua pia kwamba mwaka 2025 Wakenya walirudishwa nyumbani kutoka kambi za matapeli huko Myanmar, walikokuwa wamepelekwa kwa ahadi ya kazi nzuri nchini Thailand. Na wapo mabinti, Mheshimiwa, ambao mtu anawatishia kusambaza picha zao wasipotuma pesa kila wiki. Majina yao hatutayasema hapa, wala wao wenyewe hawayasemi popote, na sababu yake tutaifikia.

Usidhani tumekaa tukilia. Kila mkutano wetu unafungwa kwa kukumbushana: namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata mume, kampuni ya simu ya Safaricom hupiga kwa 0722 000 000 pekee, ujumbe wa utapeli unapelekwa 333 bila malipo, pesa ikienda kimakosa, ule ujumbe wa muamala unatumwa 456 mara moja, na *100*100# inazuia laini yako kubadilishwa na ajenti. Bibi wa miaka sabini hapa anazitaja kama mistari ya Zaburi. Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima zote, tusiletewe semina nyingine. Wageni wawili waliopita walituhamasisha, wakatupa fulana na soda. Tumeshahamasika. Fulana zenyewe zimekuwa matambara ya kufutia pikipiki.

Tunachokosa ni mahali pa kukimbilia katika ile saa ya kwanza. Ombi la kurudisha pesa hufaulu pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyeipokea, na mwizi huzitoa kwa ajenti ndani ya dakika chache. Zikishatoka, lazima mpelelezi aende mahakamani kupata agizo la kuona laini ile ni ya nani na fedha zilipita wapi. Hiyo si kazi ya mama mboga. Lakini akienda kuripoti polisi anapewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio, kwenye kikaratasi na kuulizwa kama ana hela ya mafuta ya gari. Akiuliza zaidi anaelekezwa Nairobi, makao makuu ya upelelezi, Barabara ya Kiambu. Aliyeibiwa 3,000 apande matatu kwenda na kurudi, alale wapi, na kibanda amwachie nani? Anakunja kikaratasi anarudi nyumbani, na mwizi anampigia jirani yake. Sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mtandaoni inataja faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa utapeli wa aina hii. Mtaani kwetu hatujaona hata mmoja aliyefikishwa kizimbani.

Mgeni aliyekalia kiti hicho mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, alituahidi dawati la uhalifu wa mtandaoni katika siku mia moja. Tulipiga vigelegele, video tunayo. Aliyemfuata, mwaka 2024, alileta kontena la buluu lenye madirisha mawili liwe ofisi ya dawati hilo, akakata utepe, akapigwa picha, akaenda. Waya wa umeme unaning'inia ukutani bila mita. Kuku wa jirani wanataga chini yake. Ufunguo, tunaambiwa, uko kwa mkandarasi. Mkandarasi anasema hajalipwa. Ofisi moja inasema usalama ni kazi ya serikali kuu, na ya pili inasema kontena si lake. Barua zetu zimegongwa mihuri ya kupokelewa mpaka zimependeza.

Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni hilo kontena lifanye kazi. Liunganishwe umeme na intaneti, liwekwe kompyuta, na wapelelezi wawili waliofunzwa kazi hii, mmoja wao awe mwanamke. Ligawanywe kwa ukuta ndani, kiwe chumba ambacho binti ataingia na kufungua simu yake bila foleni nzima kumchungulia; hiyo ndiyo sababu hawaripoti sasa. Wapelelezi wawe na njia ya moja kwa moja ya kufikia kampuni za simu, ili pesa izuiwe kabla haijatolewa. Mikopo ya vijana na mabomba ya maji tutayaomba mwaka mwingine.

Hatuombi ahadi. Tunaomba jina la afisa atakayeshughulikia, tarehe, na sahihi yako kwenye nakala ya risala hii, nakala tutakayoibandika kwenye mlango wa kontena. Katika ratiba ya leo, baada ya hotuba yako na kabla ya chakula, tumetenga dakika kumi za kutembea pamoja nawe hadi pale. Si mbali. Fundi wa kufuli tumemwalika, ameketi safu ya pili.

Ni sisi wanachama,
kwa niaba yao, Katibu.