Mheshimiwa Waziri, kuta zikaguliwe kabla ya kisima kuchimbwa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkaguzi wa majengo ya matofali, na nimeisoma rasimu ya kanuni za uchimbaji gesi iliyo mezani kwako. Inamtaka mwombaji wa kibali akadirie tetemeko kubwa kabisa ambalo kazi yake inaweza kulizusha. Hapo sina ugomvi. Ila kuhusu nyumba zilizo juu ya kitalu cha gesi inasema tu kwamba zitakaguliwa "malalamiko yatakapopokelewa". Yaani ukuta utapimwa mara ya kwanza ukiwa na ufa tayari!

Wanaokitetea kifungu hicho husema matetemeko haya ni madogo. Kwa namba, ndiyo. Lile la Huizinge, katika eneo la gesi la Groningen nchini Uholanzi, Agosti 2012, lilikuwa na ukubwa wa 3.6. Lakini lilianzia yapata kilomita 3 tu chini ya ardhi, hivyo mtikisiko ulizifikia nyumba kabla haujapoa. Gesi ilikuwa ikivutwa tangu 1963. Shinikizo likashuka, mwamba ukajibana, nyufa zake za kale zikateleza. Waashi waliojenga juu yake hawakuwa na sababu ya kuwaza tetemeko.

Nawe wajua, ukuta wa matofali ni hodari wa kubeba mzigo unaoshuka. Ukisukumwa ubavuni ndipo unapoumbuka. Nyumba nyingi za Groningen zina kuta mbili nyembamba zenye uwazi katikati, zilizoshikanishwa kwa vyuma vidogo. Wa ndani hubeba sakafu, wa nje hujibeba wenyewe. Kutu ikivila vyuma hivyo, wa nje unabaki umesimama kwa mazoea, na ukiwa nje huoni kitu.

Niliwahi kung'oa tofali moja katika nyumba ya namna hiyo, imepakwa rangi juzijuzi, inang'aa. Nilikigusa chuma cha kwanza kikakatika kama kijiti kikavu. Mota inayoshika matofali niliichokonoa kwa ncha ya ufunguo ikamwagika unga. Kwenye mchoro, nyumba hiyo ilikuwa salama kabisa.

Hesabu zipo, tena nzuri. Mwaka 2015 huko Pavia, Italia, wahandisi walijenga nyumba nzima ya aina hiyo juu ya jukwaa la kutikisia, wakaongeza mtikisiko hatua kwa hatua waone inaanzia wapi kuachia. Kompyuta zetu zinajifunza kutokana na majaribio kama hayo. Ila ukiilisha kompyuta mchoro wa uongo, itakurudishia uongo wenye desimali.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kisima cha kwanza, kila nyumba ipigwe picha nyufa zake zote, zenye tarehe, na katika baadhi ukuta ufunguliwe. Boriti za sakafu zitazamwe kama zimefungwa ukutani au zimelazwa tu. Mabomba ya moshi na kuta za pembetatu chini ya paa zishughulikiwe mwanzo, maana ndizo huanguka kwanza, na kuzifunga si gharama kubwa.

Tena mwenye nyumba asibebeshwe kazi ya kuthibitisha kwamba ufa umeletwa na gesi. Uholanzi walilazimika kuigeuza sheria, mchimbaji ndiye athibitishe kwamba siyo yeye, na kufikia hapo watu walikuwa wamebishana miaka na miaka.

Futa maneno yale mawili, "malalamiko yatakapopokelewa", Mheshimiwa, kabla hujatia sahihi. Ukitaka kuuona ukuta uliofunguliwa, niite. Ngazi na nyundo ninavyo.

Wako mwaminifu,
Mkaguzi wa majengo